Java kwenye Windows: amri ya java inakubali, ya javac inakataa

Chipukizi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninajifunza Java peke yangu kwenye kompyuta ya Windows 11, na hadi sasa sijaandika programu yoyote ya maana kwa sababu nimekwama kwenye maandalizi. Nilipakua JDK 21 ikiwa faili ya zip, nikaifungua ndani ya folda C:\java\jdk-21, kisha nikaandika kwa Notepad ile programu fupi ya kuchapisha salamu na kuihifadhi kwa jina Salamu.java. Nilipoandika `javac Salamu.java` kwenye dirisha la amri, nilijibiwa hivi:

`'javac' is not recognized as an internal or external command, operable program or batch file.`

Linalonishangaza ni kwamba `java -version` inajibu bila tatizo, ingawa toleo inalolitaja ni 1.8.0, wala si 21. Nilipoiita kompaila kwa njia yake nzima, yaani `C:\java\jdk-21\bin\javac Salamu.java`, ilikubali na faili ya Salamu.class ikatokea. Lakini nilipoandika `java Salamu`, yalikuja maelezo marefu yanayoanza na "A JNI error has occurred, please check your installation and try again", yakafuatiwa na UnsupportedClassVersionError yenye namba 65.0 na 52.0. Nikadhani huenda natakiwa kutaja jina kamili la faili, nikaandika `java Salamu.class`, na hapo nikaambiwa "Could not find or load main class Salamu.class".

Je, nifute kila kitu nianze upya? Pia naomba kueleweshwa tofauti ya JDK, JRE na JVM, na kwa nini Java ile ile inatolewa na kampuni nyingi namna hii. Mwisho, je, kuna faida yoyote ya kuendelea na Notepad, au nihamie moja kwa moja kwenye programu kubwa za kuandikia msimbo kama IntelliJ IDEA na Eclipse?

Nukta Mkato

Ndugu Chipukizi, usifute kitu. Katika jumbe zote ulizozinukuu, hakuna hata mmoja unaothibitisha kwamba JDK yako ina hitilafu. Ule wa JNI unadokeza hivyo, na umewafanya wengi wasakinishe Java upya bure, ilhali sababu yenyewe imeandikwa mistari michache chini yake.

Kabla ya kutafuta dawa, jiulize ni nani anayezungumza, kwa maana kwenye dirisha lile moja wanazungumza watatu. Kuna Windows yenyewe, ambayo kazi yake ni kuitafuta programu uliyoitaja. Kuna kompaila, yaani javac, inayosoma msimbo wako na kuutafsiri kuwa baitikodi, yaani maagizo yanayohifadhiwa katika faili ya .class. Kisha kuna mashine pepe ya Java, unayoiita kwa amri ya java, ambayo huipokea baitikodi hiyo na kuiendesha. Ujumbe wako wa kwanza ulitoka kwa Windows, na Java haikuhusika kwa lolote kwa sababu haikufikiwa. Zile nyingine mbili zilitoka kwa mashine pepe. Kompaila ndiyo pekee ambayo haijalalamika, na maana yake ni kwamba msimbo wako uko sawa.

Sasa tuanze na Windows. Unapoandika `javac`, dirisha la amri hutazama kwanza folda uliyomo, halafu hupitia folda zilizoorodheshwa katika kigeu cha mazingira kiitwacho Path, moja baada ya nyingine, na husimama pale inapokuta faili ya kwanza yenye jina hilo. Kufungua zip hakuongezi chochote kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana kompaila ilipatikana ulipotaja njia nzima, na haikupatikana ulipotaja jina tupu.

Kuhusu `java` kujibu 1.8.0, hiyo ni Java 8 ambayo huenda ililetwa na programu nyingine au ilikuwamo tangu zamani. Matoleo ya zamani yalitanguliza 1 mbele ya namba yao, na desturi hiyo ilikoma kuanzia Java 9. Ukitaka kujua ilipo, andika:

`where java`

Utaonyeshwa kila java.exe iliyomo kwenye Path, na ya kwanza kuorodheshwa ndiyo inayoitikia. Ikiwa unatumia PowerShell, andika `where.exe java`, kwa sababu humo neno where peke yake lina kazi nyingine kabisa na halitakuonyesha kitu. Nina hakika ya karibu kamili kwamba mstari wa kwanza utakuwa na folda iitwayo javapath, ambayo kisakinishi cha Oracle cha Java 8 huiweka kwenye Path. Ndani yake mna java.exe, lakini javac.exe haimo, kwa kuwa kilichosakinishwa ni mazingira ya kuendeshea tu. Hicho ndicho kitendawili chako: amri mbili unazozidhania kuwa pacha zinatoka kwenye Java mbili tofauti, na moja kati ya hizo haina kompaila.

Zile namba 65.0 na 52.0 zinasema jambo hilo hilo. Kila faili ya .class hubeba namba ya muundo wake, na ukiondoa 44 unapata toleo la Java: 65 ni Java 21, na 52 ni Java 8. Kwa hiyo ulitafsiri kwa 21 ukaendesha kwa 8. Java mpya huendesha baitikodi ya zamani. Ya zamani haiwezi kuendesha mpya.

Tiba ni hii. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kwenye kichupo cha "Advanced", kisha bofya "Environment Variables". Utaona sehemu mbili: ya juu ni ya mtumiaji, ya chini ni ya mfumo mzima. Katika sehemu ya chini tengeneza kigeu kipya kiitwacho JAVA_HOME chenye thamani C:\java\jdk-21, bila \bin mwishoni. Halafu fungua Path ya sehemu hiyo hiyo, ongeza mstari `%JAVA_HOME%\bin`, na uupandishe kwa "Move Up" hadi uwe juu ya ule wa javapath. Nasisitiza sehemu ya chini kwa sababu Windows hutanguliza Path ya mfumo mbele ya Path ya mtumiaji. Ukiuweka mstari wako katika sehemu ya juu, javac itapatikana, lakini java itaendelea kuwa ile ya zamani, na utarudi hapa ukisema ulifuata kila tulichokuambia.

Baada ya hapo funga dirisha la amri na ufungue jingine, kwa kuwa dirisha lililokwisha kufunguliwa hubaki na Path iliyokuwapo lilipoanza. Andika `java -version` na `javac -version`. Zote mbili zikijibu 21, kazi imekwisha. Java 8 iache ilipo mpaka ujue ni programu gani inayoitegemea.

Utakutana na ushauri wa kuandika `setx PATH "%PATH%;..."` ili kufanya haya yote kwa mstari mmoja. Usiufuate. Amri hiyo hukata thamani inayozidi herufi 1024, tena huchanganya Path ya mfumo ndani ya ile ya mtumiaji, na mtu huja kugundua baadaye kwamba programu nyingine zimeacha kuitika.

Ama ule ujumbe wa mwisho, sababu yake ni kwamba javac hupewa jina la faili, ilhali java hupewa jina la klasi, yaani lile linalofuata neno class ndani ya msimbo. Ulipoandika `java Salamu.class`, mashine pepe ilielewa kwamba unataka klasi iitwayo class iliyomo ndani ya pakeji (kundi la klasi) iitwayo Salamu, ikaitafuta, ikaikosa. Andika `java Salamu` na uishie hapo.

Mzee wa Baitikodi

Nukta Mkato amemaliza suala la Path, nami nitajibu lile la majina na kampuni.

JVM ni ile mashine pepe. JRE ni mashine pepe pamoja na maktaba zake, yaani kinachotosha kuendesha programu iliyokwisha kutafsiriwa. JDK ni hayo yote pamoja na kompaila na zana nyingine za mwandishi wa programu. Kuanzia Java 11, iliyotoka Septemba 2018, Oracle iliacha kutoa JRE ya peke yake, ingawa watoaji wengine wanaendelea nayo. Anayejifunza apakue JDK tu, na mjadala wa hizo nyingine aachane nao.

Java ilizaliwa ndani ya Sun Microsystems, ikatangazwa mwaka 1995, na Oracle ikainunua Sun mwaka 2010. Kabla ya hapo Sun ilikuwa imekwisha anza, mwishoni mwa 2006, kuufungua msimbo wake wa asili kwa umma, na mradi huo ndio OpenJDK tunaoujua leo. Kwa kuwa msimbo uko wazi, kila kampuni yenye uwezo inaweza kuuchukua, kuujenga na kuusambaza kwa jina lake: Eclipse Temurin inatoka kwa Adoptium, Corretto ni ya Amazon, Zulu ni ya Azul, na Microsoft nao wana ya kwao. Kwa mazoezi ya mwanafunzi hutaona tofauti yoyote kati yao. Tofauti zilizopo ni za leseni na muda wa kupatiwa marekebisho, nazo humhusu zaidi anayeendesha biashara. Oracle yenyewe ilibadilisha masharti yake mwaka 2019, ikayalegeza tena kwa Java 17 mwaka 2021, ndiyo sababu makala za zamani na za sasa kuhusu suala hili hupingana. Mimi humshauri anayeanza achukue Temurin katika umbo la .msi badala ya zip, kwa sababu kisakinishi chake kinaweza kuweka Path na hata JAVA_HOME kwa niaba yako. Katika ukurasa wa kuchagua sehemu za kusakinisha, hakikisha umewasha chaguo la JAVA_HOME, kwani halijawashwa tangu mwanzo.

Kuhusu namba za matoleo, toleo jipya hutoka kila baada ya miezi 6, Machi na Septemba, lakini machache tu ndiyo yanayotunzwa kwa miaka mingi: 8, 11, 17, 21, na 25 lililotoka Septemba 2025. JDK 21 uliyonayo inakutosha kabisa. Kama kitabu au mafunzo unayoyafuata yalitungwa kwa Java 8, msimbo wake karibu wote utafanya kazi bila kuguswa.

Na usiiache Notepad haraka. Anayejua javac inafanya nini na java inafanya nini hatababaishwa na programu kubwa itakapomgomea.

Chipukizi

Shukrani, Mzee, na shukrani kwako pia, Nukta Mkato. Ilikuwa javapath kama ulivyosema. Nimeupandisha mstari wangu juu yake, na sasa amri zote mbili zinajibu 21.

Nimeendelea na zoezi la pili, nami nina mambo mawili mapya. La kwanza, mfano niliounakili ulikuwa na mstari `package mazoezi;` juu kabisa. Kompaila imeukubali, lakini nikiandika `java Hesabu` naambiwa tena "Could not find or load main class", safari hii pamoja na maneno "wrong name", wakati Hesabu.class naiona kwa macho yangu ndani ya folda ile ile. La pili, nilipoufuta mstari huo programu iliendeshwa, ila wastani wa namba 3 na 4 unatoka 3.0 badala ya 3.5:

`int jumla = 7;`
`int idadi = 2;`
`double wastani = jumla / idadi;`

Nimetangaza double, sasa sehemu ya desimali imepotelea wapi?

Kibodi Kuukuu

Naanza na la pili, kwa kuwa ni jepesi. Java hukokotoa upande wa kulia kwanza bila kujali jibu litawekwa wapi. Pande zote mbili za alama ya kugawa ni int, kwa hiyo mgawanyo unafanywa kwa namba kamili, 7 kwa 2 inakuwa 3, na baki hutupwa. Baada ya hapo ndipo 3 hugeuzwa kuwa 3.0 ili iingie kwenye double. Andika `(double) jumla / idadi`, ili mojawapo ya namba iwe double kabla ya kugawanywa. Angalia mabano yasihame: `(double) (jumla / idadi)` itakurudishia 3.0, maana mgawanyo unakuwa umekwisha fanyika. Kosa la namna hii halitangazwi na Windows, wala kompaila, wala mashine pepe, kwa sababu kwa upande wao hakuna kosa lolote.

Kuhusu pakeji, mstari ule hubadilisha jina la klasi. Klasi yako haiitwi tena Hesabu, inaitwa mazoezi.Hesabu, na mashine pepe inatarajia kuikuta ndani ya folda yenye jina la pakeji. Njia nyepesi ni kuiachia kompaila ikutengenezee folda hiyo:

`javac -d . Hesabu.java`
`java mazoezi.Hesabu`

Alama ya nukta baada ya -d ina maana ya folda uliyomo. Amri ya pili uiandike ukiwa nje ya folda ya mazoezi, si ndani yake. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa mazoea yanawatuma waingie mahali ilipo faili. Na ukikuta mahali unaambiwa utengeneze kigeu kiitwacho CLASSPATH, acha. Kisipokuwapo, Java hutafuta katika folda uliyomo. Ukikiweka na kusahau kuingiza nukta ndani yake, hata `java Salamu` inayofanya kazi leo itagoma.

Kwa mazoezi ya faili moja, kuna njia fupi zaidi. Tangu Java 11 unaweza kuandika `java Hesabu.java`, na msimbo ukatafsiriwa ndani ya kumbukumbu na kuendeshwa papo hapo, bila faili ya .class kuandikwa kwenye diski. Hapa ndipo kanuni ya Nukta Mkato ya jina la klasi inapopata ubaguzi: ukitaja jina linaloishia na .java, mashine pepe inajua umeipa msimbo wenyewe. Kwa toleo lako la 21, msimbo wote lazima uwe ndani ya faili hiyo moja. Uwezo wa kuunganisha faili kadhaa kwa njia hii umekuja na Java 22.

Kwa kuwa unatumia Notepad, jihadhari pia na viendelezi. Windows huvificha visipowashwa, hivyo faili unayoiona kama Hesabu.java inaweza kuwa Hesabu.java.txt, na javac itakuambia "file not found" huku unaitazama. Wakati wa kuhifadhi chagua "All files", na katika File Explorer uwashe maonyesho ya viendelezi vya faili. Kumbuka vilevile kwamba Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, ilhali Java hutofautisha: ukiwa na `public class Hesabu` ndani ya faili uliyoihifadhi kama hesabu.java, kompaila itakataa.

Hapo kwa Notepad ndipo ninapotofautiana na Mzee, kwa heshima zote. Sioni ubaya wa anayeanza kutumia IntelliJ IDEA, Eclipse, NetBeans au VS Code tangu wiki ya kwanza. Mstari mwekundu unaotokea chini ya kosa wakati bado unaandika hufundisha haraka kuliko orodha ya makosa 20 inayokuja mwishoni, ambayo mara nyingi 19 kati yake yamesababishwa na nukta mkato moja iliyosahaulika juu. Ila ushauri wake una ukweli kwa jambo moja ambalo lazima utakutana nalo. Programu hizi hazilazimiki kuifuata Path yako. IntelliJ IDEA, kwa mfano, humtaka mwandishi achague JDK kwa kila mradi, na inaweza hata kupakua ya kwake na kuihifadhi katika folda ya .jdks ndani ya folda yako ya mtumiaji. Kwa hiyo mradi unaweza kuendeshwa vizuri humo ndani kwa Java 25, na dirisha la amri likagoma kwa 21, na ukaletewa namba 69.0 na 65.0 badala ya zile ulizoziona mwanzo.

Mzee wa Baitikodi

Sipingi, Kibodi Kuukuu, mradi dirisha la amri lisisahaulike. Nikuongezee kimoja tu, Chipukizi: andika `jshell` kwenye dirisha hilo. Imo ndani ya kila JDK tangu Java 9, na inakuwezesha kujaribu mstari mmoja mmoja bila klasi wala methodi main, yaani ile sehemu ambapo programu huanzia. Andika `7 / 2`, halafu `7 / 2.0`, halafu `(double) (7 / 2)`, na utaona kila jibu papo hapo. Kutoka ni `/exit`.